Redio za Marekani: kituo kinalala na habari, kinaamka na mpira. Nani anaamua?

#1 MwanaPangani
Wakuu, habari zenu. Agosti 26, 2024 kituo cha WCBS 880 AM cha New York kilizima habari kilizokuwa kikitangaza tangu 1967, na masafa yale yakaanza kurusha michezo ya ESPN. Mmiliki ni yuleyule, Audacy, ila amewakodishia masafa watu wengine, Good Karma. Hata herufi za kituo zimebadilishwa, sasa kinaitwa WHSQ. Mimi naishi ng'ambo ya mto, New Jersey. Kwa madereva wa huku 880 ndiyo ilikuwa foleni na hali ya hewa: dakika ya 8, ya 18, ya 28, saa nzima hivyo, unaambiwa daraja lipi limefunga na handaki lipi linapitika. Mtu alikuwa anapanga safari yake kwa zile dakika.

Dai langu: redio ya Marekani iliuawa na sheria ya mawasiliano ya 1996, ile aliyoisaini Clinton. Na sitaki kuambiwa watu hawasikilizi redio siku hizi. Wasikilizaji wapo, wamiliki ndio wamebaki wachache. Swali langu: kituo cha miaka yote hiyo kinageuzwaje bila hata mtu mmoja kuombwa ruhusa? Wenye nondo washushe.

#2 Kibopa
Naweka kambi hapa. Mzee wa Masafa aitwe haraka.

#3 MzeeWaMasafa
Nimeitika. Mleta uzi umegusa penyewe, ila tuanze na hesabu.

Kabla ya Februari 1996, kampuni moja ilikuwa na mwisho wa vituo 40 nchi nzima, 20 vya AM na 20 vya FM. Sheria ile ikafuta kikomo cha taifa kabisa. Kikabaki kikomo cha mji: penye vituo 45 au zaidi, mwenye nguvu anaruhusiwa 8, lakini visizidi 5 vya aina moja, AM au FM. Miji midogo kikomo kinashuka. Sasa fikiria mwenye mtaji anaambiwa leo kwamba uzio umeondolewa. Clear Channel ya San Antonio, Texas, iliyoanza mwaka 1972 na kituo kimoja, iliinunua kampuni nyingine ya redio iitwayo AMFM mwaka 2000 na ikavuka vituo 1,200. Kati ya 1996 na 2002 vituo vya biashara viliongezeka kidogo, lakini idadi ya wamiliki ilipungua kwa kama theluthi moja. Takwimu hiyo ni ya FCC wenyewe, wasimamizi wa mawasiliano, ambao ndio TCRA ya kule.

Lakini MwanaPangani, usiutaje 1996 peke yake. Uzio ulianza kulegezwa 1992, FCC iliporuhusu mtu mmoja kumiliki zaidi ya kituo kimoja cha FM katika mji uleule. Na kisa ni kwamba miaka ya 80 waligawa leseni mpya za FM kwa mamia. Vituo vikawa vingi kuliko matangazo ya biashara ya kuvilisha, na miaka ya 90 inaanza vingi vilikuwa vinaendeshwa kwa hasara. Wanaoitetea sheria ya 1996 wanaanzia hapo, na hoja yao si ya kupuuzwa.

#4 Dereva_I80
Wakuu, mimi ni dereva wa malori, njia yangu kubwa ni I-80. Niwaambie kinachosikika barabarani.

Nikiwa Nebraska usiku, nampata mtangazaji mcheshi, ananichangamsha. Nikiishiwa mawimbi yake nahangaika na kitufe, huko mbele Wyoming kwenye masafa mengine kabisa namkuta yuleyule! Kicheko kilekile, stori ileile ya mtu mashuhuri aliyeachana na mkewe. Mwanzoni nilidhani ni kituo kimoja chenye mnara mkubwa. Baadaye nikaanza kumsikiliza kwa makini: HATAJI SAA. Hataji mji. Anasema "jioni njema hapo ulipo". Mji ukitajwa, ni katika kale kapande kadogo ka jina la kituo, na sauti ya pale ni ya mtu mwingine.

Mwaka mmoja nilikuwa kwenye mvua ya mawe, anga jeusi upande wa magharibi, na yule bwana anaongelea tamasha. Tangu siku hiyo kwenye kabini nina redio ndogo ya hali ya hewa ya serikali, ile ya NOAA inayokaa kwenye 162 MHz. Haina muziki wala stori, ila inakutajia kaunti yako kwa jina.

#5 BintiMvita
Dereva pole kwa mvua ya mawe. Ila umbea wa mtu kuachana na mkewe umeukariri vizuri, kumbe ulikuwa unasikiliza! 😂

#6 Dereva_I80
Barabara ni ndefu dada yangu. Bila umbea nalala kwenye usukani.

#7 FundiAntena
Anachokisema dereva #4 ni kurekodi mapema. Mtangazaji anakaa studio ya mji mmoja, anarekodi vipande vya kusema kati ya wimbo na wimbo kwa ajili ya vituo kadhaa, kompyuta inavichomeka mahali pake. Zamu yenye urefu wa saa nne anaimaliza ndani ya muda mfupi kwa sababu nyimbo hazisikilizi. Ndiyo maana hataji saa.

Na kuna kitu hamjakitaja. Oktoba 2017 FCC ilifuta sharti la kituo kuwa na studio kuu ndani au karibu ya mji kilikoandikishwa. Kabla ya hapo ilikuwa lazima pawe na mlango ambao mwananchi anaweza kuugonga. Sasa mnara unaweza kuwa Kansas na kila kitu kingine kikawa jimbo jingine.

#8 Wakili_Mdogo
Mleta uzi, swali lako la #1 lina jibu la kisheria, na ni la zamani kuliko 1996.

New York palikuwa na WNCN, FM ya muziki wa kiklasiki. Mwaka 1974 mwenyewe akaigeuza rock na kuibadilisha jina kuwa WQIV. Wasikilizaji wakaunda umoja wao wakapambana, na mwaka 1975 kiklasiki kikarudi chini ya mmiliki mpya. Lakini swali kubwa liliendelea mahakamani: je, FCC inapaswa kuangalia kama muziki unaopotea una watu wake kabla haijaridhia mabadiliko? Mwaka 1981 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba FCC hailazimiki. Fomati, yaani aina ya vipindi, ni biashara ya mwenye kituo, soko litaamua.

Kwa hiyo ukiuza leseni unapita FCC, na mwananchi anaweza kuweka pingamizi. Ukibadili vipindi, huombi ruhusa kwa yeyote. Unaweza kufanya hivyo saa sita usiku kati ya wimbo na wimbo, na wapo waliofanya hivyo.

Na ile WNCN? Mwaka 1993 iligeuzwa rock tena, safari hii moja kwa moja. Ndiyo Q104.3 ya leo, mali ya iHeart, ile Clear Channel ya #3 iliyobadili jina.

#9 MwanaPangani
Wakili #8 ahsante sana, hili sikuwa nalijua. Yaani watu walipigana hadi Mahakama Kuu kwa ajili ya muziki na bado ukapotea. Lakini huoni linanipa nguvu? Mwaka 1981 soko lilikuwa na wamiliki maelfu, "soko litaamua" ilikuwa na maana. Ukishawapunguza wamiliki, soko hilo ni nani?

#10 FundiAntena
Mimi nakataa kwamba umiliki ndio kila kitu. Vipo vilivyouawa na KIPIMO.

Zamani Arbitron, kampuni ya kupima wasikilizaji, waliwapa watu daftari waandike walichosikiliza. Mtu anajaza kwa kumbukumbu: anakipenda kituo fulani, basi anaandika amekisikiliza asubuhi mpaka jioni. Kuanzia 2007, Philadelphia na Houston kwanza, wakaleta PPM, kidude cha kuning'iniza kiunoni. Kituo kinaficha alama ndani ya sauti, sikio la binadamu haliisikii, kidude kinainasa. Hapo ukweli mwingine ukatoka: watu wanahama vituo kila dakika chache, na kile anachojiita shabiki wake hakisikilizi kwa muda aliokuwa anaandika.

Muziki wa jazi laini ndio ulioumia. WNUA ya Chicago, 95.5, ilikuwa jina kubwa kwa jazi hiyo. Mei 2009 ikageuzwa ya Kihispania. CD101.9 ya New York ilitangulia mwaka 2008. Wamiliki walikuwepo na masafa yalikuwepo, namba ndizo zilizoanguka.

Na kuna mabishano ya kifundi mpaka leo. Ile alama inahitaji sauti ya kujificha ndani yake. Muziki wa kelele unaificha vizuri, saksofoni ya taratibu au mtu anayeongea kwa kutuatua inaificha vibaya. Sasa je, wasikilizaji wa jazi laini walikuwa wachache kweli, au kidude hakikuwasikia? Kikaja kisanduku kinaitwa Voltair cha kuongeza nguvu ya ile alama, vituo vikakinunua kimyakimya, na mwaka 2015 Nielsen, waliokuwa wameinunua Arbitron, wakaiboresha alama yao wenyewe. Kama kipimo kilikuwa sawa, kwa nini kiliboreshwa?

#11 Kibopa
Fundi kashusha kontena zima. Nauliza swali la mtu wa kawaida: watu wangapi wanavaa hicho kidude?

#12 FundiAntena
Mji wenye mamilioni ya watu, wavaaji ni elfu chache. Familia moja yenye vidude ikihama mtaa au ikichoka na kituo, asilimia inatikisika na mtangazaji anaitwa ofisini.

#13 BintiMvita
Mnaongelea jazi, mimi nawaletea roho ya mtu. Minot, North Dakota, Januari 18, 2002, usiku wa manane. Treni ya mizigo imeacha reli, matangi yamepasuka, wingu la amonia limeelekea kwenye nyumba za watu. Umeme umekatika mitaa kadhaa, wenye redio za betri wanafungua wasikie wafanye nini. Redio inapiga muziki. Vituo 6 vya biashara vya mji ule vilikuwa mikononi mwa Clear Channel. Polisi wanapiga simu kituoni, hawapati mtu. Mtu 1 alifariki, mamia waliumia. Hivi ndivyo umiliki wa mmoja unavyokuwa usiku wa janga. MwanaPangani yuko sahihi, mengine ni maneno tu.

#14 MzeeWaMasafa
Binti #13, kisa ni cha kweli na kinauma, lakini kieleze kizima. Kampuni ilisema mtu alikuwepo kituoni usiku ule, ila laini za simu zilizidiwa na wananchi waliokuwa wakipiga. Ikasema pia kwamba mamlaka za mji hazikuwa zimeandaa vizuri mtambo wa tahadhari ambao ungeiingilia redio moja kwa moja bila kumhitaji mtu. Polisi wana maelezo yao. Ubishi huo haujaisha, na wanaokitumia kisa hiki hukata nusu inayowafaa, wa upande huu na wa upande ule.

#15 BintiMvita
Mzee nakuheshimu, ila nijibu hili. Kama vituo 6 vingekuwa na wenyewe 6, polisi wangekuwa na milango 6 ya kugonga. Laini zote 6 zingezidiwa?

#16 MzeeWaMasafa
Huenda zisingezidiwa zote. Na huenda vituo 4 kati ya 6 vingekuwa vimezima mitambo saa ile kwa kukosa pesa ya kumlipa mtu wa usiku. Vituo vidogo vya mtu mmoja vingi vilikuwa vinafunga jioni.

#17 Mhasibu_Tabata
Naona kila mtu anataja sheria na vidude, hakuna anayefungua vitabu vya hesabu.

Clear Channel ilinunuliwa mwaka 2008 na kampuni za uwekezaji, Bain Capital na Thomas H. Lee, kwa mikopo. Na mkopo wenyewe haumkai mnunuzi, unakaa kwenye kampuni iliyonunuliwa. Yaani redio inajilipia deni la kununuliwa kwake! Mwaka uleule uchumi ukaanguka na matangazo ya biashara yakaporomoka. Mwaka 2014 wakabadili jina kuwa iHeartMedia, na Machi 2018 wakakimbilia ulinzi wa mahakama wakiwa na deni la dola bilioni 20 hivi. Cumulus, kampuni nyingine ya redio, baada ya kuimeza mwenzake Citadel mwaka 2011, ikafilisika Novemba 2017. Audacy, iliyokuwa Entercom na kuichukua CBS Radio mwaka 2017, ikafilisika Januari 2024.

Angalieni tarehe sasa: Januari 2024 kufilisika, Agosti 2024 habari za 880 zimezimwa. Chumba cha habari kina waandishi, wahariri, watu wa foleni, zamu tatu kwa siku. Michezo iliyokodishwa inakuletea kodi ya pango, mshahara analipa mpangaji. Na Audacy bado wana 1010 WINS ya habari mjini hapohapo. Ukiwa na vituo viwili vya habari na deni mlangoni, mhasibu yeyote atakuambia kipi ufunge.

#18 MwanaPangani
Mhasibu #17, na ni nani aliyewaruhusu kuwa na vyote viwili? WINS na WCBS walikuwa wanashindana, mmoja akiwahi tukio mwenzake anaumia. Walipokuwa nyumba moja ndipo mmoja akawa wa ziada. Tumerudi kwenye dai langu.

#19 Mhasibu_Tabata
Hapana. Kufika 1996 vyote viwili vilikuwa tayari nyumba moja chini ya CBS kwa kuungana na Westinghouse, waliokuwa wenye WINS, na vikaendelea kushindana na kutengeneza pesa miaka mingi. Umoja ule haukuua kitu mpaka deni lilipokuja. Ukitaka kujua kinachoua kituo, mtafute anayedai riba.

#20 MamaBukavu
Wapendwa, miye niko Kentucky, tulifika hapa toka kambini. Nawasoma tangu asubuhi. Hapa kwetu nilikuwa na kituo cha nyimbo za zamani, ndicho nilichojifunzia Kiingereza jikoni, maana yule mama mtangazaji alikuwa anaongea polepole, anasema leo ni Jumanne, takataka zinachukuliwa mtaa fulani. Siku moja kikawa K-Love. Nyimbo za dini ni nzuri, miye ni mkristo, siwezi kuzisema vibaya. Lakini yule mama alikwenda wapi?

#21 Kibopa
Mama Bukavu umeniuma. Kujifunza lugha kwa ratiba ya takataka!

#22 FundiAntena
Mama #20 amefungua mlango mwingine. K-Love ni ya Educational Media Foundation, shirika la dini lisilo la faida. Haliuzi matangazo, linachangiwa na wasikilizaji. Mwaka 2018 walichukua masafa ya The Loop ya Chicago, WLUP, rock ya miaka mingi. Mwaka 2019 Cumulus iliwauzia vituo 6 kwa dola milioni 103.5, kimojawapo WPLJ 95.5 ya New York. Kila muuzaji mwenye deni anajua wale wana fedha taslimu.

#23 Wakili_Mdogo
Na vituo vinavyogeuzwa si vyote vinakufa. WCBS-FM 101.1 (ndugu yake FM, msiichanganye na ile 880 ya #1) iliacha nyimbo za zamani ghafla Juni 3, 2005, ikawa Jack FM: kompyuta, nyimbo mchanganyiko, watangazaji hakuna. Wasikilizaji wakaikimbia. Julai 2007 nyimbo za zamani zikarudishwa, na watangazaji juu yake. Kampuni ilikuwa ileile kubwa. Kwa hiyo mkubwa naye anaweza kurudi nyuma msikilizaji akimnyima masikio.

#24 ShangaziZuhura
Mnavyoongelea redio ya Marekani mimi nakumbuka VOA Kiswahili tu. Machi 2025 wafanyakazi wakapewa likizo ya lazima na matangazo yakakatika. Baba yangu Tanga alikuwa anaifungua kila jioni. Na hiyo nayo ni hao hao iHeart?

#25 MzeeWaMasafa
Hapana Shangazi. VOA ni ya serikali ya Marekani, bajeti inatoka Bunge lao, na kilichokatisha matangazo ni amri ya rais. Haina leseni ya FCC wala mwenye hisa. Uchungu wa mzee ni halali kabisa, ila uzi wake ni mwingine.

#26 ShangaziZuhura
Ahsante. Kwa msikilizaji wa Tanga lakini, ukimya ni mmoja.

#27 Nyota_DC
Naomba niongeze upande ambao hamjaugusa, wa redio za watu weusi. Kuanzia 1978 kulikuwa na nafuu ya kodi kwa mtu anayeuza kituo kwa mmiliki wa jamii ndogo. Bunge liliifuta mwaka 1995, na mwaka uliofuata ndipo ukaja uzio kuondolewa. Aliyekuwa anatafuta mkopo wa kituo kimoja akajikuta anashindana bei na anayenunua mia.

Ila kuna Cathy Hughes. Alianza na WOL hapa Washington mwaka 1980, Radio One yake ikaingia soko la hisa mwaka 1999, na mwaka 2000 ikanunua vituo 12 kwa dola bilioni 1.3, vile ambavyo Clear Channel na AMFM walilazimika kuviachia ili waungane. Kwa hiyo #18 ukisema sheria ya 1996 iliua, kumbuka hata mwanamke mweusi mwenye redio nyingi kuliko wote alikulia ndani ya sheria hiyohiyo. Wadogo waliokuwa nyuma yake ndio sijui walikimbilia wapi.

#28 Dereva_I80
Nimesimama kupumzika, nimesoma yote. Swali: hakuna namna mji mdogo ukawa na redio yake?

#29 FundiAntena
Ipo. Kuna leseni za nguvu ndogo, wati 100, zilianza mwaka 2000, na sheria iliyosainiwa Januari 2011 ikazipanulia nafasi. Ni kwa mashirika yasiyo ya faida tu: makanisa, shule, vikundi vya mtaa. Wati 100 zinafika kilomita 5 au 6 hivi, ukitoka mji umeipoteza. Na haziombwi wakati wowote, FCC hufungua dirisha kwa muda, linafungwa, mnasubiri miaka. Mama Bukavu, jamii yenu ikiwa na shirika lililosajiliwa, jiandaeni mapema kabla dirisha halijafunguliwa.

#30 MamaBukavu
Tunalo la akina mama. Nitauliza Jumamosi.

#31 Mhasibu_Tabata
Kabla hamjafunga: AM nyingi zina ardhi. Minara ya AM inataka uwanja mpana, na viwanja hivyo vilinunuliwa zamani nje ya mji, mji ukavifuata. Cumulus iliuza uwanja wa minara ya WMAL pale Bethesda, Maryland, kwa wajenzi wa nyumba kwa zaidi ya dola milioni 70. Kuna AM ambazo udongo ulio chini ya mnara una thamani kuliko kila kinachotoka hewani. Hapo sheria ya 1996, PPM na deni vyote vinawekwa pembeni, anahesabiwa mnunuzi wa kiwanja.

#32 BintiMvita
Mhasibu kila mlango unaona bei. Sasa nikuulize kwa hesabu zako mwenyewe: K-Love ya #22 hawana wanahisa, hawauzi matangazo na hawakununuliwa kwa mkopo wa Bain. Kwa nini nao wakichukua mji wanaweka kipindi kimoja cha nchi nzima, na yule mama wa takataka za Jumanne hawamwajiri?